Bibi Mary Juma: Mwanamke wa Kiislamu aliyelima nyika ya theluji

Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola Mlezi wa viumbe wote, aliyeitandaza ardhi na kuijaalia kuwa nyepesi kwa waja wake ili watembee pande zake na kula katika riziki yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Masahaba wake wote. Amma baad.

Ndugu zangu Waislamu, siku moja baada ya darsa ya akina mama, mmoja wao alibaki nyuma mpaka wenzake walipokwisha kutoka. Ni mama mkulima, mikono yake tu inatosha kukueleza kazi yake. Akaniambia: "Sheikh, kila tukisimuliwa habari za wanawake wa Kiislamu tunasikia za wapokezi wa hadithi, wake wa makhalifa na mashahidi wa vitani. Sisi tunaoamka na jembe na kulala na jembe, hatuna mwenzetu humo?" Nilimjibu kwa kifupi kuhusu Bibi Asmaa (R.A.), lakini swali lake lilikaa nami. Leo nataka kulijibu kwa urefu zaidi, na nitaanza mbali sana, mahali ambapo wengi wetu hatukudhani kwamba adhana iliwahi kusikika.

Kaskazini ya nchi ya Marekani, karibu na mpaka wa Kanada, kuna jimbo liitwalo North Dakota. Ni nchi ya nyika tambarare, miti haba, upepo usiokoma, na baridi ambayo wakati wa kipupwe hushuka mpaka nyuzi 40 chini ya sifuri. Katika jimbo hilo, kwenye wilaya ya Mountrail, kipo kijiji kidogo kiitwacho Ross. Hapo, mwanzoni mwa karne ya 20, walifika Waislamu wa Kiarabu kutoka Sham, wakachukua mashamba, wakalima ngano, wakaswali na wakafunga. Miongoni mwa waliotangulia walikuwa Bwana Hassan Juma na mkewe, ambaye kumbukumbu za huko zimemwandika kwa jina la Mary Juma.

Msomaji wa Kiswahili hatalipita jina hilo bila kutabasamu. Juma ni Ijumaa, na sisi huku tumewaita watoto wetu jina hilo tangu zama za babu zetu. Na Mary ni Maryamu, jina la mama yake Nabii Isa (A.S.), mwanamke aliyepewa sura nzima katika Qur'ani Tukufu.

Habari zake tumezipata kwa sababu moja. Katika miaka ya 1930 uchumi wa Marekani ulipoanguka, serikali yao ilianzisha mradi wa kuwapatia watu kazi, na baadhi ya walioajiriwa walipewa kazi ya kwenda vijijini kuandika maisha ya walowezi wa kwanza kabla hawajafa na habari zao. Mwaka 1939 wakafika kwa Bibi Mary, wakati huo mtu mzima sana, naye akasimulia. Jambo hili, wallahi, linatutia aibu kidogo. Ni bibi zetu wangapi waliofungua misitu, wakatoa maeneo ya waqfu ikajengwa misikiti na madrasa, kisha wakazikwa na habari zao bila hata ukurasa mmoja kuandikwa?

Alieleza kwamba mwaka 1899 yeye na mumewe waliuza kila walichokuwa nacho katika kijiji chao, sehemu ambayo leo ni nchi ya Lebanon na zama hizo ilikuwa chini ya dola ya Uthmaniya. Fedha hazikutosha, wakakopa dola 200 na kuweka ardhi yao rehani. Tafakari hapo, ndugu msomaji. Mkulima kuweka ardhi yake rehani ni sawa na kuweka rehani mgongo wake. Wakapanda meli Beirut, wakavuka bahari, na walipofika Amerika kazi ya kwanza haikuwa kilimo bali uchuuzi. Walikaa Nebraska kwa muda wakizunguka na bidhaa, wakilipita shamba moja hadi jingine. Watu wengi wa Sham walianza hivyo hivyo: sindano, nyuzi, vitambaa na vikorokoro vingine ndani ya furushi, na lugha ya ishara mpaka ile ya wenyeji izoeleke.

Mwaka 1902 wakafika magharibi ya North Dakota. Wakakuta watu wanamiminika kutoka Norway, Ujerumani na kwingineko, kila mmoja akitafuta kipande cha ardhi, nao wakaingia katika mkumbo huo. Sheria iliyowaruhusu ilitiwa saini na Rais Abraham Lincoln mwaka 1862. Ilimpa mlowezi ekari 160, yaani takriban hekta 65, kwa sharti kwamba aishi hapo, ajenge nyumba na ailime kwa miaka mitano, kisha apewe hati. Mwaka 1912 muda huo ulipunguzwa kuwa miaka mitatu.

Katika mwaka mmoja tu, familia hii ilikuwa na nyumba, farasi na zana za kulimia na kupandia. Neno "nyumba" lisikudanganye. Ilikuwa futi 12 kwa 14. Chumba cha kulala cha kawaida tu katika nyumba zetu za mjini, na humo ndimo palipokuwa jiko, kitanda, ghala na msala. Mwaka 1903 akazaliwa mtoto wao Charles, ambaye anatajwa kuwa mtoto wa kwanza wa Kisham kuzaliwa magharibi ya jimbo hilo. Nimelifikiri sana jambo hilo. Mama mzazi, hana mama yake karibu, hana wifi, hana mkunga wa lugha yake, na mlangoni kuna theluji.

Kazi ya mke wa mkulima kwenye nyika ile ilijulikana. Ardhi ya huko iliachiwa mawe na barafu ya zama za kale, kwa hiyo kabla ya plau kupita ilibidi mawe yaokotwe kwa mkono, na kila msimu mengine yaliibuka. Mwanamke aliokota mawe pamoja na mume. Aliteka maji, akakamua ng'ombe, akafuga kuku, akalima bustani ya mboga, akatafuta cha kuwashia moto katika nchi isiyo na kuni, akashona, akaoka, akalea. Wakati wa mavuno alipika chakula cha wavunaji. Na kama ni Mwislamu, juu ya hayo yote, wudhuu kwa maji yaliyokaribia kuganda na swala tano.

Kuna hesabu moja niliyoifanya kwa kalenda. Ramadhani ya mwaka 1333 Hijria iliangukia Julai na Agosti za mwaka 1915. Kwa latitudo ya Ross, mtu aliyefunga siku hizo alikaa zaidi ya saa 17 tangu alfajiri mpaka magharibi, na huo ndio wakati wa kukata majani ya mifugo na kuanza mavuno. Kinyume chake, walipofika mara ya kwanza Ramadhani ilikuwa wakati wa baridi, mchana mfupi, pengine wakadhani itakuwa hivyo daima! Wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafi hawakulisahau suala hili. Imamu Al-Adhrai, aliyekuwa mtu wa Sham vile vile, alitoa fatwa kuhusu wavunaji: ni wajibu wao kutia nia kila usiku na kuamka wakiwa wamefunga, kisha atakayepata mashaka makubwa mchana atafungua na kulipa baadaye. Hairuhusiwi kula asubuhi kwa hoja tu kwamba kazi itakuwa ngumu. Sidhani kama kitabu kilichobeba fatwa hiyo kilifika Ross. Lakini Bibi Mary aliwaeleza waandishi wale kwamba walikuwa na mwezi wa kufunga, na kwamba ukimalizika watu hutembeleana nyumba kwa nyumba na kula pamoja. Hiyo ni Idi, ndugu zangu, kama tuijuavyo sisi.

Baada ya muda jamaa wengine wa Sham walifuata, wakawa takriban familia 20 katika eneo hilo. Swala ya Ijumaa iliswaliwa majumbani kwa zamu. Hawakuwa na imamu wa kuajiriwa. Anayejua zaidi alitangulia mbele. Najua baadhi ya wanafunzi wa dini watakimbilia kuuliza idadi, kwani sisi Mashafi tunashurutisha wanaume 40 wakazi, na Mahanafi wanatosheka na watatu pamoja na imamu. Kwa watu waliokuwa peke yao katika nyika, mimi nasema rai ya Imamu Abu Hanifa ilikuwa rehema.

Turudi sasa kwenye jibu nililompa yule mama. Katika Sahih Bukhari na Muslim imepokewa kutoka kwa Bibi Asmaa binti Abubakar (R.A.) mwenyewe habari ya maisha yake ya awali Madina. Huyu ni yule aliyepasua mshipi wake kufungia chakula cha safari ya Hijra, na ni mama wa Abdullah bin Zubeir, mtoto wa kwanza wa Muhajirina kuzaliwa Madina. Wengi tunayajua hayo. Tusilolisimulia mara kwa mara ni kwamba aliolewa na Zubeir bin Awwam (R.A.) akiwa hana mali yoyote isipokuwa farasi na ngamia wa kutekea maji. Bibi Asmaa alimlisha farasi yule, akateka maji, akashona ndoo ya ngozi, akakanda unga. Anakiri mwenyewe kwamba hakuwa hodari wa kuoka mikate, na kwamba majirani zake wa Kiansari ndio waliomwokea, akawasifu kuwa walikuwa wanawake wa kweli.

Kisha anaeleza habari ya shamba. Mtume (S.A.W.) alimgawia Zubeir kipande cha ardhi kilichokuwa umbali wa theluthi mbili ya farsakh, yaani kama kilomita tatu na ushei. Bibi Asmaa alikuwa akienda huko kwa miguu na kurudi amebeba kokwa za tende kichwani, ili zipondwe zilishwe mifugo. Siku moja akiwa na mzigo wake alikutana na Mtume (S.A.W.) pamoja na baadhi ya Ansari. Mtume akamwita na kumpigisha ngamia wake magoti ili ampandishe nyuma yake. Bibi Asmaa akaona haya kwenda pamoja na wanaume, na akakumbuka wivu wa mumewe. Mtume akafahamu kwamba ameona haya, akaenda zake. Alipomsimulia mumewe, Zubeir alisema kwa kiapo kwamba kumwona amebeba zile kokwa kunamuuma kuliko kama angelipanda pamoja na Mtume. Baadaye Abubakar (R.A.) alimpelekea binti yake mtumishi wa kumhudumia farasi, naye akasema ilikuwa kana kwamba ameachwa huru.

Hadithi hii ina mengi, lakini nataka tusimame kwenye neno la Zubeir. Alikuwa mtu mwenye wivu mkali, kila mtu alijua. Juu ya hivyo, mzigo kichwani mwa mkewe ulimuuma zaidi. Na Maimamu wetu, Imamu Shafi miongoni mwao, wanasema kazi za namna hiyo si wajibu wa mke kisheria, bali ni hisani yake na desturi njema baina yao. Mwanamume anayekaa barazani akicheza bao huku mkewe anapita na mzigo wa kuni, kisha akaja msikitini na kudai kwamba hiyo ndiyo haki yake aliyopewa na Sheria, ajue kwamba amemsingizia Mwenyezi Mungu jambo zito.

Na kabla ya Bibi Asmaa yupo Mama Hajar (A.S.), aliyeachwa na mtoto mchanga katika bonde ambalo Qur'ani (14:37) inalieleza kuwa halina mimea. Yeye ndiye mwanzilishi hasa. Maji yalipatikana kwake, watu wa kabila la Jurhum wakaja kumwomba idhini ya kukaa, naye akakubali kwa sharti kwamba wao hawatakuwa na haki ya kumiliki maji yale. Mwanamke aliye peke yake jangwani, na bado aliweka sharti! Kisha Umma mzima, wanaume na wanawake, unafuata hatua zake baina ya Safa na Marwa.

Sasa niseme neno kuhusu ile ardhi ya Dakota, maana haitafaa tuisifu familia kwa kulima bila kuuliza ililima cha nani. Katika Fiqhi kuna mlango wa kuhuisha ardhi iliyokufa, na Mtume (S.A.W.) ameifanya ardhi hiyo kuwa ya mwenye kuihuisha. Abu Hanifa ameshurutisha idhini ya mtawala, wanafunzi wake wawili wakubwa na Imamu Shafi hawakushurutisha. Sheria ile ya mwaka 1862 inafanana na mlango huu kwa umbo: lima, kaa, umiliki. Lakini ardhi iliyokufa ni ile isiyo na mwenyewe. Nyika zile zilikuwa na wenyewe, makabila ya Wamandan, Wahidatsa na Waarikara, ambao serikali ya Marekani iliwabana katika hifadhi ya Fort Berthold, kisha ikaimega hifadhi yenyewe. Mwaka 1910 ilitungwa sheria ya kuwafungulia walowezi sehemu ya ardhi hiyo. Mtume ametuonya kwamba mwenye kudhulumu shubiri moja ya ardhi atavishwa shingoni ardhi saba. Simbebeshi Bibi Mary dhambi ya serikali. Yeye alikuja na deni la dola 200, akapewa hati na mamlaka iliyokuwepo. Hata hivyo haki ya mtu haifi kwa sababu aliyekalia ardhi yake leo ni mcha Mungu, na sisi wa Afrika Mashariki, ambao babu zetu waliondolewa kwenye mashamba yao na walowezi wa Kizungu, hatuwezi kulipita hilo kimya.

Jambo jingine katika sheria ile: mwanamke asiye na mume, mjane, au mkuu wa familia aliweza kuomba ekari 160 kwa jina lake. Mwanamke mwenye mume hakuweza. Sheria ya Kiislamu ilikuwa imempa mke mali yake mbali na ya mumewe zaidi ya karne 12 kabla ya hapo. Nikisema hivi mimbarini watu hutikisa vichwa kwa furaha. Nikiuliza ni mabinti wangapi wa kijiji chetu waliopewa fungu lao katika mnazi au shamba la baba yao, vichwa vinatulia.

Mume wa Bibi Mary alitangulia mbele ya haki, naye akabaki kwenye shamba pamoja na mwanawe Charles. Mjane kusimamia shamba si jambo geni katika dini hii. Imamu Muslim amepokea kutoka kwa Jabir (R.A.) kwamba mama yake mdogo aliachwa na mumewe, akataka kwenda kuvuna mitende yake akiwa bado ndani ya eda. Mtu mmoja akamkaripia. Bibi yule hakubishana naye, alikwenda moja kwa moja kwa Mtume (S.A.W.), naye akamruhusu akavune, kwani huenda akatoa sadaka au akafanya wema. Mitende ilikuwa yake, na mavuno hayangojei.

Mwaka 1929 Waislamu wa Ross walijenga msikiti. Ilikuwepo misikiti mingine michache Marekani kabla yake, kama ule wa Highland Park, Michigan, wa mwaka 1921, lakini wa Ross ni miongoni mwa ile ya mwanzo kabisa, na ni mkongwe kuliko ule wa Cedar Rapids, Iowa, wa mwaka 1934 ambao bado umesimama. Nusu yake ilikuwa ndani ya ardhi, ukuta mfupi na paa. Wakulima wasio na fedha walijenga walichoweza. Mwaka huo huo uchumi ukaanguka, kisha ukaja ukame wa miaka ya 1930, vumbi likafunika mashamba, na familia nyingi zikahama.

Hapa ndipo penye uchungu wa kisa hiki. Watoto walikwenda shule za huko, wakazungumza Kiingereza, Kiarabu kikabaki kwa wazee. Wengi wakaoa na kuolewa nje ya dini. Hapakuwa na madrasa. Tukimlaumu mama, tujiulize kwanza: baba alikuwa na plau, mama alikuwa na ng'ombe, mboga, watoto na jiko, ni nani aliyebaki wa kushika mkono wa mtoto na kumfundisha alifu, bee, tee? Walijenga msikiti miaka 27 baada ya kufika. Laiti wangelijenga chuo cha watoto katika mwaka wa tano, hata chini ya paa la zizi. Wasomaji wetu walioko Ulaya, Marekani na Kanada wanajua ninachokisema, kwani wengine wameniuliza wafanye nini na mtoto wa miaka 12 ambaye hajui Fatiha. Wao angalau wana simu inayowafikisha kwa mwalimu aliyeko Zanzibar au Mombasa kwa dakika moja. Familia za Ross hazikuwa nayo.

Msikiti ule ulibomolewa katika miaka ya 1970 baada ya kukosa waumini. Mwaka 2005, kwa juhudi za wazawa wa familia zile zile, pakajengwa hapo kijumba kidogo chenye kuba na minara minne. Kando yake yapo makaburi, na juu ya lango la chuma imewekwa alama ya mwezi na nyota. Mwaka 2018 makaburi hayo yaliingizwa katika orodha ya taifa ya mahali pa kihistoria. Pembeni yake yapo mashamba, na upepo. Mwenyezi Mungu awarehemu waliolala hapo, na amzidishie baraka katika shamba lake yule mama aliyeuliza swali.